Mguu Unaoinuka Kabla ya Kona

Jumanne, 4 Juni

Sauti iliyonikaa tangu mazoezi ya Jumamosi ni ya injini kunyamaza. Haikuzimika. Ilinyamaza kiasi cha kope kushuka na kupanda, kisha ikanguruma tena. Tulikuwa tunaikaribia kona ambayo dereva yeyote angeipita bila kuinua mguu. Dereva wangu aliuinua. Nikasoma mstari uliofuata, na neno la kwanza liliponitoka mdomoni, mguu ukarudi chini.

Mimi ndiye mwelekezi wake mpya. Nakaa kiti cha pembeni, daftari mapajani, namsomea njia kabla hajaifikia: kulia nne, mita hamsini, kushoto mbili inafunga. Namba ndogo ni kona kali, na inayofunga huzidi kubana. Namba kubwa ni kona ya kupita huku unapiga miayo. Nikichelewa kidogo, yeye husema neno moja tu: "Kisha?" Karakana nzima humwita Babu Gia. Ana miaka hamsini na minane, na thelathini ya hiyo ameimaliza kwenye mashindano ya barabara za vumbi.

Tajiri, yaani mwenye gari, aliniita ofisini kabla sijapewa helmeti. Ni mwanamke, lakini mafundi humwita Tajiri naye huitika. Alisema watu wanamnong'oneza kwamba mzee kachoka, na mpwa wa Tajiri mwenyewe, kijana wanayemwita Kiberiti, amekuwa dereva wa majaribio kwa miaka miwili akisubiri. "Wewe umesoma, tena humjui," aliniambia. "Msimu ukiisha nipe mstari mmoja: anastahili kiti au hastahili. Sababu baki nazo."

Nilifurahi kuulizwa. Naliandika hili ingawa halinipendezi.

Ijumaa, 7 Juni

Vipimo vya leseni. Daktari aliweka ubao wake wa herufi mwisho wa ukumbi, madereva na sisi waelekezi tukapanga foleni pamoja. Babu Gia alimpisha kila mtu. "Pita, mwanangu, mimi sina haraka." Alimpisha hata Kiberiti, ambaye alipita bila asante. Akawa wa mwisho, akasoma ubao kama anayesoma barua kutoka nyumbani, akatoka akipiga mluzi.

Nimeandika upande wa mazuri yake: adabu.

Jumatano, 12 Juni

Vumbi. Nimefua ovaroli mara mbili na maji bado mekundu.

Jumamosi, 22 Juni

Shindano la kwanza. Tumekuwa wa sita kati ya magari ishirini na mawili.

Kabla ya shindano, kama ilivyo kawaida, tuliipita njia polepole ili kuandika noti. Yeye hutaja, mimi naandika. Waelekezi wenzangu walimaliza daftari nusu. Mimi niliingia la pili. Anataka kila kitu: mti uliokatwa, mtaro, mahali changarawe inapogeuka udongo. Kwenye kona tatu alishuka garini, akatembea, akachuchumaa, akaipapasa barabara kwa kiganja. Nilimuuliza anatafuta nini. Alisema barabara ni kama ng'ombe, ukitaka kuijua ishike mgongo.

Na bado mguu unainuka. Nimehesabu mara kumi na nne leo. Bisibisi, fundi wetu mkuu, ana jibu lake. Alisema siku hizi mzee akifika kwenye kona huipigia hodi kwanza, na asipokaribishwa haingii. Mafundi walicheka. Nami nilicheka, kisha nikaona haya.

Ni woga? Niliwahi kusoma kwamba woga huja na umri kama mvi. Lakini mtu mwoga haingii kushoto mbili kwa kasi aliyoingia nayo leo, bega la gari likigusa majani.

Jumapili, 30 Juni

Nilimpelekea daftari kwao. Nilimkuta barazani anasoma gazeti, matangazo ya vifo, yale maandishi ya mchwa. Hakuwa na miwani. Mkewe alisema mumewe ameitupa miwani ya kusomea tangu mwaka jana. "Ananirudia ujanani huyu, mama. Naogopa ataniletea mke mwenza."

Kabla ya hapo Babu Gia alikuwa ameuliza nani yuko langoni, ingawa nilikuwa nimeshasimama pale kitambo na jua usoni.

Jumamosi, 13 Julai

Wa tatu! Nimejizuia mwezi mzima kuweka alama hiyo ya mshangao katika daftari hili.

Kilichotokea nitakieleza vizuri, maana sikielewi. Hapakuwa na upepo. Vumbi la kila gari lilibaki juu ya barabara kama pazia, na anayefuata anaingia humo bila kuona hata boneti yake. Wote walipunguza. Kiberiti, ambaye leo alipewa gari la kuazima, aliniambia baadaye kwamba mahali fulani alisimama kabisa. Babu Gia hakupunguza chochote. Mimi nilikuwa nasoma kwa sauti iliyotaka kukatika, na yeye alikuwa ametulia kama mtu aliye sebuleni kwake. Katika vumbi tulikuwa wa kwanza. Kwenye barabara nyeupe, jua likiwaka, tukarudi wa saba, wa nane.

Dereva gani huenda haraka asipoona?

Leo nilikuwa tayari kumwandikia Tajiri mstari wake: anastahili. Nikauacha. Swali lililo juu halijapata jibu, na mimi siwezi kutia sahihi chini ya swali.

Jumatano, 24 Julai

Shangazi ninayeishi naye anasema naongea usingizini. Kulia tatu, kulia tatu.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimefanya kosa.

Kurasa mbili za daftari zilishikana. Jasho na vumbi hutengeneza gundi, kila mwelekezi anajua, ndiyo maana tunapiga pembe ya karatasi kwa kidole kabla ya kugeuza. Sikupiga. Niligeuza mbili kwa pamoja nikasoma: "Moja kwa moja mia mbili, gesi." Barabara ile pale ilikuwa inakata kushoto. Kushoto mbili.

Akakanyaga gesi.

Nilikuwa nimeinamia daftari. Niliinua macho kwa sababu mwili ulihisi kitu kabla yangu, nikaiona kona mbele yetu, wazi kama meza, na uzio wa miti, na shamba la mahindi. Nikapiga kelele kushoto. Akakata kushoto papo hapo, lakini tulikuwa tumeshachelewa. Tukapita kwenye uzio. Mahindi yakapiga kioo kama mvua ya makofi. Kisha kimya, na harufu ya majani mabichi na mafuta.

"Umeumia?" aliniuliza. Nikasema sijaumia. Akanyoosha mkono akanishika bega, akalipapasa hadi kwenye kiwiko, kama alivyoipapasa barabara.

Nikamwambia ni kurasa, zilishikana, ni mimi. Alisema, "Funga daftari. Ukiulizwa, usiwe na haraka ya kujibu."

Jumatatu, 19 Agosti

Tajiri alituita. Nilikuwa nimejiandaa. Kabla sijafungua mdomo, Babu Gia alisema noti zilikuwa sahihi na kwamba yeye aliingia na kasi ya kijinga. "Nilikosea mimi, Tajiri. Binti alinisomea vizuri."

Tajiri alisema timu haiwezi kulima mahindi ya watu kila mwezi. Limebaki shindano moja, tarehe 21 Septemba. Tukimaliza ndani ya watano bora, kiti kinabaki cha mzee mwaka ujao. Tusipomaliza hivyo, ni cha Kiberiti, na hapatakuwa na mjadala.

Nami nilinyamaza. Nilisimama pale na elimu yangu yote nikanyamaza. Njiani nilimwambia nitarudi kusema kweli, akasema nikirudi nitamfanya yeye mwongo mbele ya Tajiri. Jinsi alivyolisema, ilionekana kana kwamba nikisema kweli ndipo nitakapomkosea.

Alhamisi, 22 Agosti

Siku tatu nimekuwa nikimshukuru moyoni. Leo nilikuwa nasafisha helmeti ndipo likaja swali, nikakaa chini na kitambaa mkononi.

Kwa nini alinifuata?

Nilisema gesi. Lakini ilikuwa saa nne asubuhi, hapakuwa na vumbi, na kona ilikuwa mbele yake hatua mia na hamsini. Mwelekezi akikosea, dereva huona, hutukana, hukata usukani. Wenzangu wote wamewahi kukosea na wote wamewahi kutukanwa. Hakuna aliyetiwa shambani.

Yeye aliniamini mimi kuliko macho yake.

Jumanne, 27 Agosti

Kiberiti alikuja kuniazima tochi, akakawia. Nimekuwa nikimwandika humu kama mtu mwenye kiburi. Leo aliniuliza, akitazama viatu vyake, kama najua kwa nini mzee anamchukia. Nikamuuliza chuki ameiona wapi.

"Hanisalimii," alisema. "Nampungia mkono uwanjani, ananipita kama nguzo. Mpaka niseme kitu. Nikisema, ndipo anacheka, anauliza hali ya mama. Mimi sitaki kiti cha kupewa na shangazi yangu. Nataka mzee aseme mwenyewe kwamba nakiweza."

Nilimpa tochi. Nilitaka kumpa na kitu kingine, lakini sikukijua bado. Au nilikijua.

Jumamosi, 31 Agosti

Sisi tunakaa nyuma ya duka la miwani la shangazi. Vyumba viwili, na ukuta wa tatu ni makabati ya fremu. Nimekua nikila chini ya ubao wa herufi, sikuwahi kuuwazia.

Nilimsimulia bila kumtaja mtu. Mzee wa hamsini na minane. Hapo nyuma alihitaji miwani kusoma gazeti, sasa haihitaji. Shangazi aliacha kukaza skrubu.

"Wanampongeza?"

"Mkewe anasema ujana umerudi."

"Wote husema hivyo. Mtoto wa jicho, huyo. Ukungu unaingia kwenye lenzi ya jicho, na mara nyingine huanza kwa kumfanyia mtu wema: cha karibu anakiona bila miwani. Cha mbali anakipoteza. Jua likiwa kali ndiyo mbaya zaidi. Anaendesha gari?"

Nikasema anaendesha kidogo.

"Mlete. Kinatolewa hicho, watu wanarudi wanaona. Lakini asiendeshe, hata kidogo. Na wewe usipande naye." Kisha akanitazama kwa yale macho yake ya kupima watu. Hakuniuliza jina.

Foleni ya vipimo. Alikuwa wa mwisho, na mlango ulikuwa wazi, na watu ishirini walisoma ubao ule ule kwa sauti. Mtu anayeshika kichwani kilomita tisini za kona ashindwe herufi thelathini?

Nimefuta neno adabu.

Jumanne, 3 Septemba

Nimefanya jaribio. Sina uhakika kama ni haki kumfanyia mtu jaribio bila kumwambia.

Saa ya chakula alikuwa amekaa kwenye tairi kando ya karakana. Nilivaa raba ili asisikie hatua zangu, nikasimama mbele yake hatua arobaini, juani, nikainua mkono na vidole vitatu. Nilikaa hivyo mpaka bega likauma. Aliendelea kula, uso ukiwa umenielekea. Nikasema, "Mzee, vidole vingapi?"

Alishusha kijiko.

"Umeinua mkono?" aliuliza.

Nikaenda nikakaa kwenye tairi la pili. Sitaandika yote. Alisema ilianza mwishoni mwa msimu uliopita. Kwanza taa za barabarani ziliota manyoya. Kisha vibao vikapotea, kisha watu. Jua likiwa kali ni kama mtu kamwaga maziwa kwenye kioo. Alidhani ni uchovu, na alipoacha kudhani hivyo alikuwa ameshazoea. Mwelekezi wake wa zamani alipostaafu alimwomba Tajiri amtafutie mtu mwenye sauti safi, asiyekosea. Basi ndiye mimi.

"Na mimi je, unanionaje?"

"Wewe sijawahi kukuona vizuri, mwanangu. Ukiwa karibu nakuona, ila garini sina nafasi ya kugeuka. Sauti yako naijua kuliko uso wa mtu yeyote."

Nilitaka kulia, na papo hapo nilitaka kumpiga na daftari. Msimu mzima nimekuwa macho ya mtu na sikuulizwa. Niliposoma haraka nikijitapa, niliposoma huku nawaza chakula, uhai wa watu wawili ulikuwa umekaa kwenye ulimi wangu. Na mguu ule! Nimeuhesabu kama ushahidi wa woga. Alikuwa ananisubiri niseme.

Nilimwambia kinatolewa. Anajua. Atakwenda mvua zikianza, alisema. Akienda sasa daktari ataandika, leseni itachukuliwa, na kiti hakingoji mtu aliye wodini. "Shindano moja tu. Wewe soma, mimi nitasikia. Masikio yangu bado yana miaka ishirini."

Nikamuuliza kuhusu watazamaji wanaosimama kwenye kona. Hao hawamo katika noti.

Alifunika bakuli lake.

Jumanne, 10 Septemba

Tumeandika noti za shindano la mwisho. Madaftari matatu. Hatukuzungumza lolote lisilo kona.

Jumapili, 15 Septemba

Nimeuandika mstari wa Tajiri mara tisa. Anastahili: nani mwingine angefika wa tatu bila kuona? Hastahili: nani mwingine angethubutu? Sababu zile zile zinakaa pande zote mbili.

Nikimsema, ninamlipa ubaya mtu aliyenibebea kosa langu. Nisipomsema, nitapanda na kusoma, na nina sauti nzuri kweli.

Jumamosi, 21 Septemba

Mawingu asubuhi, kisha jua likatoka. Kali, jeupe.

Magari huondoka kwa kupishana dakika moja. Dakika ya gari ikifika, mwelekezi ndiye hupeleka kadi ya muda mezani, ipigwe mhuri. Dereva haruhusiwi kuipeleka. Ukichelewa zaidi ya dakika kumi na tano, umetoka. Kadi ni kazi yetu peke yetu. Madereva huisahau kabisa, kama watu wanavyosahau pumzi.

Sisi tulikuwa wa kumi na tisa. Babu Gia alikuwa ameshafunga mkanda. Nilisimama nje ya mlango na kadi mkononi. Kando ya kona ya kwanza, zaidi ya kamba, kulikuwa na watu wamekaa kwenye ukingo wa mtaro, wengine wamening'iniza miguu barabarani. Mama mmoja alikuwa anamfunga mwanawe kamba ya kiatu. Kwa hatua zangu ni mia na themanini.

Nikaingia garini nikaufunga mlango. Nikaiweka kadi juu ya paja.

"Mwanangu, kadi."

"Ninayo."

"Dakika yetu imefika."

"Imefika na imepita."

Nje walikuwa wanaita namba yetu. Bisibisi aligonga kioo, nikamwonyesha kiganja. Nilimwambia Babu Gia kuhusu mama na kiatu, na nguo alizovaa, na watu wangapi wamekaa upande gani. Nilimsomea kama noti. Kisha nikamwambia sitaipeleka kadi, na kwamba najua ninachomnyang'anya.

Angeweza kuichukua na kumpa Bisibisi akimbie nayo, walau kubahatisha. Ilikuwa karibu kabisa, mahali ambapo macho yake hayana shida. Mikono ilibaki kwenye usukani.

"Ya ngapi?" aliuliza.

"Ya tano."

Tukakaa. Sita. Saba. Nilizitaja moja moja, kwa sauti ile ile ya kazi. Kwenye ya kumi na moja alizima injini, na safari hii haikurudi. Ya kumi na tano ilipopita alivua helmeti, akakifuta kioo chake kwa mkono wa shati, akauliza:

"Kisha?"

Nikasema, "Kisha Jumatatu, kwa Tajiri. Wote wawili."

Jumatatu, 23 Septemba

Alitangulia yeye. Alisema, "Sioni mbali, Tajiri, mwaka mzima sasa." Nikafuata na kurasa zilizoshikana. Tajiri alisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Kumbe mmenidanganya msimu mzima," alisema, "tena kwa adabu."

Alisema maneno alikwisha kuyatoa na hayarudishi: shindano halikumalizwa, kiti ni cha Kiberiti. Babu Gia aliitikia kwa kichwa. Kiberiti, aliyekuwa ameegemea mlango, alimwita mzee kwa sauti, akaomba amfundishe kuandika noti msimu wa mvua, akiwa na macho au bila macho. Mzee aligeukia ile sauti akasema kijana ana mikono mizuri. Amekuwa akiisikia kwenye injini miaka miwili.

Kisha Tajiri akanidai mstari wangu. Nikampa: Anastahili kiti, na asikikalie mpaka daktari aseme anaona. Aliusoma mara mbili. Alisema hiyo ni mistari miwili, akaitia kwenye droo.

Alhamisi, 26 Septemba

Mvua imeanza alfajiri. Nimemleta hospitali ya macho mimi mwenyewe. Mkewe amembebea mwavuli, shangazi ameandika barua. Tulifika kabla mlango haujafunguliwa tukapewa namba moja. Nyuma yetu benchi likajaa, watu kumi na wawili, na kupitia mlango ulio nusu wazi ungeweza kuuona ubao wa herufi ukutani.

Babu Gia akaanza. Alimwambia bibi aliyekaa karibu naye apite tu, yeye hana haraka. Akamwambia na yule wa tatu. "Piteni, wanangu, piteni."

Nilisimama. Nikaingia ndani nikamwomba muuguzi amwite kwanza, kabla mtu yeyote hajasoma ubao, na afunge mlango. Ameshaitwa. Namba moja yuko ndani, na mlango umefungwa.